Kugeuza kozi ya muhula kuwa vyeti vidogo: nimekosea wapi?

Mkufunzi_wa_Jioni
Wakuu, habari zenu. Niliagizwa kuigeuza kozi yetu ya uchambuzi wa data iwe vyeti vidogo vitatu, yaani kozi fupi tatu zenye cheti kila moja, kwa ajili ya watu wazima walio kazini. Nikaikata tu: wiki tano za kwanza cheti cha kwanza, tano zinazofuata cha pili, zilizobaki cha tatu. Kufika wiki ya tatu, zaidi ya nusu hawaonekani. Mama mmoja aliniandikia saa tano usiku: "Mwalimu, historia ya takwimu nimeisoma yote, ila jedwali la ghala kazini bado linanishinda." Maneno yale hayajanitoka. Nianzie wapi upya?

Fundi_Mitaala
Pole sana. Ulikata kitambaa kabla ya kumpima mvaaji. Anza na kazi, mada zifuate: akimaliza, ataweka nini mezani ambacho mwajiri wake atakiona? Mimi huwaambia walete jedwali la kazini kwao, walisafishe, kisha watetee kila walichobadilisha. Kuna aliyeleta lenye tarehe zilizoandikwa kwa namna nne. "3/4" hujui ni Machi au Aprili. Siku mbili tulikuwa humo humo, na hakuna aliyekosa kipindi. (Majina na siri za wateja wafute kwanza, hilo usilegeze.) Mada isiyosaidia kazi ile niliitoa, hata niliyoipenda.

Bi_Krediti
Naongezea saa. Krediti moja ya ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kuhesabu uzito wa masomo, ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Krediti ya New Zealand ni saa 10. Hesabu na za usiku, watoto wakishalala. Pia Baraza la Umoja wa Ulaya lilipendekeza Juni 2022 kwamba cheti kidogo kionyeshe mwenye nacho anaweza nini, kilichukua saa ngapi na alipimwaje. Cheti kisichosema hayo, mwajiri atakisomaje? Na usiwaahidi kwamba vitatu vitahesabiwa kwenye shahada kabla seneti ya chuo haijaliidhinisha kwa maandishi.

Mkufunzi_wa_Jioni
Asanteni mno. Na anayekuja tayari anajua?

Fundi_Mitaala
Mpe kazi ya mwisho siku ya kwanza. Akiiweza kwa kipimo kile kile, mpe cheti chake. Kumkalisha wiki tano ni kumdhulumu.

Mkufunzi_wa_Jioni
Nimeelewa. Kesho nampigia yule mama nimwombe jedwali lake la ghala. Cheti cha kwanza nakijenga juu ya lile.