UZI MAALUMU: Yule bwana wa koti la manyoya, jana umenizibia bao la kusawazisha!

Mwana wa Mohawk

Wakuu, sijalala. Nimetoka uwanjani jana usiku na mpaka asubuhi hii mikono inatetemeka, chai yenyewe nimeimwaga mezani. Nafungua uzi nikiwa na hasira zangu zote, mods naomba msiuguse.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Kila Mswahili wa Utica, mji wetu huu wa jimbo la New York, aliyewahi kukaa kona yetu pale Adirondack Bank Center, uwanja wa hoki ya barafu, anamjua. Bwana wa koti. Koti refu mpaka kwenye visigino, pana kuliko chumba nilichofikia nilipokuja Marekani, kofia imezungushiwa manyoya ya mnyama ambaye hata Serengeti hayupo.

Basi sikilizeni. Kipindi cha tatu, ndicho cha mwisho, timu yetu Comets tuko nyuma 3-2. Na nani? Na Syracuse! Jirani zetu wa kwenye barabara kuu, watu ambao tukifungwa nao sipokei simu wiki nzima. Dakika ya mwisho. Kocha kamtoa kipa, kaingiza mtu wa sita, goli letu liko wazi kabisa. Mnaoujua mchezo huu mnajua hapo mtu hapepesi macho, hapigi chafya, hata mtoto akilia unamwambia subiri.

Mtu mzima akasimama.

Kasimama mbele yangu, kaanza kufunga zipu. Zipu ikakwama kwenye kitambaa cha ndani. Akairudisha chini. Akalamba kidole. Akaanza upya! Namwambia kwa adabu zote, "Kaka, kaa chini kidogo, shikamoo zako zote nitakupa nje." Akageuka akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikika safu tatu: "Twendeni tuwahi magari, ndondo hii."

King'ora cha bao kikalia hapo hapo.

Bao nimelisikia, wakuu. Sikuliona. Watu karibu elfu nne wameruka juu, mabegani kwangu kinywaji cha mtu kimemwagika, na mimi naangalia mfuko wa nyuma wa koti.

Uwanja ule umejengwa 1960, paa limening'inizwa kwa nyaya ili ndani pasiwe na nguzo hata moja ya kumzibia mtu. Wahandisi wamekesha, wamekokotoa, wamefaulu. Nguzo imekuja yenyewe na koti lake, imekaa kiti cha mbele yangu!

Halafu akaondoka na kundi lake lote wakikanyaga vidole vyetu, viti vikabaki vitupu muda wa nyongeza mzima. Tukafungwa kwa penalti, lakini pointi moja tumeipata, na pointi hiyo imetokana na bao ambalo mimi nililipia tiketi na sikuliona. Kanda yetu ina timu saba, tano zinakwenda mtoano. Tunagombea hiyo ya tano kwa kucha. Kila pointi ni dhahabu, na yeye anasema ndondo.

AHL, ligi yetu ya hoki iliyo daraja moja chini ya NHL, ilishaondoka mji huu 1993. Miaka 20 barafu ya Utica haikuona timu ya ligi ile mpaka Comets walipokuja 2013. Wazee wa hapa wanalikumbuka pengo hilo na wanaliogopa. Sasa mtu anakuja, anakaa kiti kizuri, anaita ndondo na kuondoka sekunde kingi kinalia! Namaanisha king'ora, hasira hizi hata kuandika siwezi.

Na zipu ile. Akalamba kidole!

Kamanda315

Nimevuta kiti, karanga ninazo. Endelea mkuu.

Binti Kigoma

Pole sana kaka. Huyo ndiye yule yule! Mechi na Laval alipiga simu ya video Tanzania, akainua simu juu kabisa amwonyeshe mama mkwe barafu. Mama mkwe akauliza, "Hawa vijana wamekosa nini mpaka wafungiwe kwenye friji?" Tukacheka, sikatai, lakini mkono haukushuka kipindi kizima. Nimeangalia hoki kupitia kwapa la mtu.

Mtoto wa Tandale

Mkuu, kwani pale juu si kuna skrini kubwa? Wanarudia bao mara kumi. Umekesha kwa kitu ambacho ungeinua shingo tu ukakiona.

Mwana wa Mohawk

@Mtoto wa Tandale MARUDIO SI BAO! Marudio hata aliyelala nyumbani anayaona. Mimi nilikuwa mita chache kutoka kwenye lile goli, kisahani kinachopigwa kama mpira kimepita mbele ya uso wangu, na kati ya uso wangu na kisahani kulikuwa na KOTI. Na hamjaniuliza kuhusu zipu. Zipu ilikwama mara mbili!

Mzee wa Rochester

Nimepita kuwasalimia wana Utica. Msimu wa 2021-22 mlianza na ushindi 13 mfululizo, rekodi ya ligi nzima, mkatembea vifua mbele mji mzima. Mtoano ulipofika nani aliwatoa? Naomba mtu ajibu kwa sauti. Huyo bwana wa koti ni mganga, aliona mbali, akawahi gari.

Kamanda315

@Mzee wa Rochester shikamoo mzee, ila hapa umeingia msibani ukiwa umevaa nyekundu.

Mwana wa Mohawk

Rochester nendeni kwenye uzi wenu. 2015 tulifika fainali ya Calder Cup, kombe la ligi yetu, nyinyi mlikuwa wapi? Tulifungwa na Manchester, ndiyo, lakini fainali tulifika, na miaka ile tiketi hapa ulikuwa unatafuta kwa kujuana. Mtu akisimama wakati wa mchezo alikuwa anavutwa shati na bibi wa miaka 80. Jana bibi mmoja wa Kizungu alijaribu, mkono ukapotelea ndani ya manyoya.

Mutu ya Bukavu

Bandugu, ule muntu hata kanisani anasimamaka mbele ya batu. Pasteri anaomba, yeye anavaa koti. Miye nilishamuambia, papa, kaa chini, Mungu ajamaliza. Anajibu: parking.

Dada wa Genesee

Mimi naomba niseme la maana kidogo. Koti ni koti. Shida ya mtoano wetu si koti, shida ni New Jersey. Tangu 2021 sisi ni shamba la Devils, timu yao ya ligi kubwa ya NHL inayolea vijana wake hapa, na shamba kazi yake ni kuvunwa. Kijana akiwaka moto hapa, mchezaji wao mmoja akiumia kule NHL, asubuhi simu inalia na mtu wako kapandishwa. Unabaki na safu ya ushambuliaji ambayo hata kocha anasoma majina kwenye karatasi. Mnakumbuka 2024? Tulianza msimu kwa vipigo mpaka Novemba kocha Kevin Dineen akaondolewa, Ryan Parent akapewa timu. Halafu mnataka nafasi ya tano kwa kelele!

Na jezi je? Nimenunua jezi yenye jina la kijana mgongoni, nikaifua mara moja kwa mkono isichuje. Kabla haijakauka, mwenyewe keshauzwa. Nani ananirudishia hela yangu?

Binti Kigoma

Heri wewe wa kuuzwa. Wangu kapandishwa, kacheza kule dakika chache, karudishwa, kapandishwa tena. Sijui jezi niivae au nisiivae.

Mtoto wa Tandale

Samahani wataalamu, huu mchezo wenyewe mbona watu wanapigana halafu refa anaangalia tu mpaka wachoke? Juzi nimeona mmoja kavua glavu, kamshushia mwenzake, kapelekwa kwenye kiboksi dakika tano kama mtoto aliyeadhibiwa, katoka anaendelea kucheza. Kwetu hapo ingeitishwa kamati ya nidhamu.

Kamanda315

Ndiyo raha yenyewe hiyo, usituharibie.

Njoro Boy

Wakenya wa Utica tuko hapa pia. Huyo jamaa wa koti ndiye alituambia tuchange tupate tiketi za kikundi ziwe bei nafuu. Tukachanga. Siku ya mechi tukapewa viti vya nyuma kabisa, yeye na familia yake wako chini karibu na kioo. Manze nilikuwa nauliza tu.

Mwana wa Mohawk

@Njoro Boy UMEONA! Mnaona sasa! Kiti cha karibu na kioo, kwa hela zenu, halafu dakika ya mwisho anafunga zipu! Kile kiti kingekuwa na mtu anayejua maana ya kipa kutolewa, mimi leo ningekuwa nasimulia bao, si koti. Ningewaambia lilipigwa na nani, limeingia pembe gani. Leo kazini Mzungu mmoja kaniuliza, "Umeliona lile bao?" Nimwambie nini? Nimeangalia chini, nikasema lilikuwa zuri.

Binti Kigoma

Jamani hiyo ya kazini imeniuma.

Dada wa Genesee

Mchango wa tiketi ni ule ule wa Desemba? Kwa sababu mimi nilitoa na sikupata kiti hata cha nyuma.

Njoro Boy

Wa Desemba, dada. Mweka hazina alisema hesabu zitaletwa Januari. Hajasema Januari ya mwaka gani.

Shemeji wa Utica

Mweka hazina ndiyo mimi, na majina yenu nayaona. Hesabu zipo. Kuna watu walikuja na watoto ambao hawakulipiwa, kuna mtu alikula pizza ya nyanya ya wenzake vipande vinne, ile ya Utica inayoliwa baridi, akasema alidhani ni ya bure. Naye yumo humu ndani anaandika sasa hivi.

Mtoto wa Tandale

Mimi niliambiwa ni ya bure.

Kamanda315

Hahahaha kumbe! Halafu aliipasha moto! Nilikuwepo, aliomba mashine ya kupashia kwa yule mama muuzaji. Mama wa watu alishika kifua.

Mtoto wa Tandale

Chakula baridi kwenye uwanja wa barafu, na nje theluji imefika magotini? Nyinyi watu mna matatizo kuliko bwana wa koti.

Mutu ya Bukavu

Miye ile pizza ya baridi sikulaka. Na nani alibeba sambusa zangu mbili za mwisho?

Mwana wa Mohawk

Wakuu, tusitoke nje ya mada. Mada ni KOTI. Jumamosi tunacheza nyumbani, tukishinda bado tumo. Naomba watu wajae, na naomba mtu mwenye ukaribu na yule bwana amwambie akae nyumbani au aje na sweta.

Shemeji wa Utica

Jumamosi kuna kikao cha harusi, kilishatangazwa kitambo.

Dada wa Genesee

Kikao hicho hicho ambacho mwaka jana sufuria langu kubwa la pilau lilipotea? Sijasahau. Lile lenye mkono mmoja uliofungwa waya. Aliyenalo analijua, na mimi namjua.

Binti Kigoma

Dada, sufuria la mkono wa waya nimeliona mahali. Njoo inbox.

Njoro Boy

Usiende inbox, weka hapa hapa sote tuone.