Ada ya kuchakata gari inabaki Japani, bampa linabaki kwetu: ni haki?

Mleta mada
Wadau, tubishane kwa hoja. Japani wana sheria ya kuchakata magari, imetungwa 2002, imeanza kazi 2005. Mwenye gari kule analipa ada mapema, mara nyingi yeni elfu kumi na kitu, ya kushughulikia vitu vitatu siku gari likifa: gesi ya kiyoyozi, eabegi, na makapi yanayobaki chuma kikishatolewa. Makapi hayo kwa sehemu kubwa ni plastiki na sponji.

Utamu uko hapa. Gari likiuzwa nje kabla halijafa, anayelisafirisha anaomba ile ada na anarudishiwa. Gari linashuka Dar au Mombasa, linazeekea huku, linafia huku. Hela ya sanda imebaki kule. Nasema ada ifuate gari.

Kijana wa Ilala
Mkuu, gari gani linakufa huku? Huu mwaka wa tisa nashona mabampa. Jana nimeletewa la Spacio, limepasuka kuanzia kwenye taa ya ukungu hadi katikati. Nikaligeuza, ndani limeandikwa >PP+EPDM<. Hiyo ndiyo aina ya plastiki yake. Nikatafuta bampa bovu lenye maandishi hayohayo, nikalikata vijiti vya kuyeyushia. Ukibandika ABS, plastiki ya aina nyingine, juu ya PP haishiki, itaachia mteja hajafika hata Buguruni. Hiyo mnayoita kurejeleza sisi ndiyo kazi yetu ya kila siku. Leteni ada, gari lipande bei, halafu mteja akose hata ya kunilipa mimi.

Bi Makopo
Fundi, umesema bampa, dashibodi umeiruka! Mimi nina mashine ya kusaga. Ndoo na kreti nanunua kwa kilo, dashibodi sipokei hata ya bure. Juu ngozi ya PVC, katikati sponji, chini plastiki ngumu, na gundi kila mahali. Nani atabandua?

Hata hayo mabampa yenu yana vituko. Sisi tunatenganisha kwenye beseni la maji: PP inaelea, ABS inazama. Sasa kiwandani wakishachanganya PP na unga wa talki, asilimia 20 hivi, nayo inazama, inakaa chini pamoja na ABS. Ukiziyeyusha pamoja unapata chembe za kutengeneza kitu kinachovunjika kama biskuti. Wateja wangu wanataka beseni la kufulia linalodondoka bila kupasuka. Yasiyouzika yanachomwa, ndiyo maana jioni nyuma ya magereji unaona moshi mweusi. Na PVC ikiungua inatoa gesi ya tindikali, msidhani ni moshi wa kuni ule.

Mtu wa Bandarini
Mleta mada, Mjapani atakujibu kirahisi: ada ni ya kazi ya kule, kazi haikufanyika, hela irudi kwa aliyelipa. Na kule kwenyewe msidhani plastiki yote inazaliwa upya, nyingi inachomwa kupata joto la viwandani. Halafu sisi tayari tunalipa ushuru wa ziada kwa gari lenye umri mkubwa. Kabla ya kumdai mtu wa Yokohama, ulizeni kama hata shilingi moja ya ushuru huo imewahi kununua beseni la Bi Makopo.

Mleta mada
Hoja ya ushuru naipokea, hiyo inauma. Lakini kwamba kazi haikufanyika, hapana. Kazi ipo, imehama tu, anaifanya Bi Makopo bila malipo. Tena Julai 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza asilimia 25 ya plastiki kwenye gari jipya iwe iliyorejelezwa, na robo ya hiyo itoke kwenye magari yaliyokufa. Kule wanataka bampa bovu liwe malighafi yenye soko. Huku ni kuni.

Kijana wa Ilala
Bi Makopo, tuache Ulaya. Vipande nisivyoweza kushona nikivitenga, vyote vya maandishi mamoja, kilo utachukua bei gani?

Bi Makopo
Vina rangi?

Kijana wa Ilala
Bampa gani halina rangi, mama?

Bi Makopo
Kwangua kwanza, ndipo tuongee bei.