Nyumbu wakizaa, ng'ombe wahame?

Swali: Kati ya Januari na Machi nyumbu huzalia nyanda za majani mafupi za Ndutu na Ngorongoro. Wafugaji hushauriwa kupandisha ng'ombe milimani kukwepa ugonjwa wa nyumbu. Ni haki?

Daktari wa mifugo: Kwa sasa hakuna njia nyingine. Nyumbu mkubwa hubeba kirusi bila kuugua. Anayekimwaga ni ndama wake, kwa makamasi na machozi, miezi mitatu ya mwanzo hivi. Ng'ombe akila majani hapo, wiki kadhaa baadaye homa inapanda, macho yanaingia ukungu, pua inatoka usaha, tezi zinavimba. Dalili zikishatokea, karibu wote hufa. Kumdunga oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, ni kutupa pesa, maana haiui kirusi.

Mfugaji, Ngorongoro: Daktari, hayo wazee waliyajua kabla ya maabara. Ila majani yale mafupi yana madini, ndiyo maana nyumbu mwenyewe anakuja kuzalia pale, na ng'ombe wa maziwa anayataka vilevile. Huko juu kuna kupe. Mnamtoa kwenye ugonjwa wa nyumbu mnampeleka kwenye ndigana kali, ugonjwa wa kupe.

Mtafiti wa wanyamapori: Mtu asiseme uzio, tafadhali. Botswana iliweka uzio wa mifugo tangu miaka ya 1950, na ukame ulipokuja nyumbu wa Kalahari walifia kwenye waya kwa maelfu. Pia zalio, yaani kondo la nyuma la nyumbu, linaogopwa kupita kiasi. Hatari kubwa ni ndama wa nyumbu. Na ng'ombe hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo mgonjwa mmoja si sababu ya kukimbiza zizi zima.

Mfugaji, Ngorongoro: Sawa, lakini tuseme yote. Ng'ombe walipochanjwa sotoka, ugonjwa uliowaua nyumbu pia, nyumbu wa Serengeti walitoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita milioni moja. Chanjo ya ng'ombe wetu ndiyo iliyowazidisha, leo ng'ombe ndiye anayehamishwa. Gharama ya kuhama ilipwe na mapato ya utalii.

Daktari wa mifugo: Hilo la malipo nakuunga mkono. Chanjo ya ugonjwa wa nyumbu iliyojaribiwa Simanjiro bado haijafika dukani. Ya ndigana ipo: mililita 1 chini ya ngozi karibu na sikio, pamoja na oksitetrasaiklini ya asilimia 30, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito. Pima kifua kwa utepe. Ukikisia uzito chini, dawa haitoshi kuzuia vimelea hai vya chanjo, na chanjo yenyewe inamfanya ndama augue. Chanja Novemba, kinga iwe tayari kabla ya kupanda milimani.

Mfugaji, Ngorongoro: Na mtungi wa naitrojeni wa kugandishia chanjo, Novemba nani atauleta?