Ulionywa uondoke, ukabaki. Vita vikianza, serikali ikufuate kwa gharama ya nani?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Vita vikilipuka popote duniani, raia wa kigeni waliokwama hupiga simu ubalozini, na wenzao waliolala salama nyumbani huanza kuulizana kwa nini hawakuondoka mapema. "Si walitangaziwa?" Ndiyo, walitangaziwa. Msimamo wangu nauweka mezani kabla hamjaniuliza: wafuatwe, wote, na habari ya nauli isitajwe mpaka mtu awe ameshatua mahali salama.

Nasema hivi kwa sababu nauli imeshawahi kusimama mlangoni. Mwaka 2006, Israel ilipokuwa ikiipiga Lebanon, Marekani iliwataka raia wake watie saini karatasi ya kuahidi kurudisha gharama ndipo waondolewe. Kelele zikapigwa, sharti likaachwa ndani ya siku chache. Lakini sheria yao kimsingi inakuhesabia safari hiyo kama mkopo. Oktoba 2023 Uingereza nayo iliwatoza waliotoka Israel pauni 300 kwa kila kiti. Mwenye nazo hata hashtuki. Mtu ambaye benki zimefungwa na mwajiri kakimbia na mshahara wake, atazitoa wapi?

Mchangiaji wa 1:
Naomba kutofautiana nawe, mkuu. Tuweke huruma pembeni kidogo, tuhesabu. Vita hivyohivyo vya 2006, Canada iliwaondoa Lebanon watu wapatao 15,000, na bili ikafika karibu dola milioni 94 za kwao. Mapigano yalipotulia, sehemu ya watu hao wakarudi kulekule Lebanon. Walipa kodi wakauliza: hawa ni raia wetu au ni wenye pasipoti yetu tu? Mwaka 2009 sheria ikabanwa, uraia wa kurithi ukaishia kwa kizazi cha kwanza kilichozaliwa nje.

Halafu anayekwenda kukuchukua naye ana mama yake. Kabul, tarehe 26 Agosti 2021, bomu lililipuka langoni mwa uwanja wa ndege wakati watu wanahamishwa. Askari 13 wa Marekani walikufa pale, pamoja na Waafghanistani wapatao 170. Kwamba zaidi ya watu 120,000 walitolewa kwa wiki mbili hivi ni jambo kubwa, sikatai. Ila usiifanye kuwa habari ya nauli peke yake.

Na mtu akishajua atafuatwa bure, lile tangazo la kuondoka linakuwa kelele za chura.

Mchangiaji wa 2:
Kisheria mnagombania kitu ambacho hakipo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, kifungu cha 5, unataja kuwasaidia raia kama mojawapo ya kazi za konseli, yaani ofisa anayehudumia raia wa nchi yake walioko ugenini. Unairuhusu serikali kufanya hivyo kwenye nchi ya mwenzake. Haukupi wewe haki ya kudai ndege. Kila nchi inajipangia, ndiyo maana hii anatoza, yule hatozi, na mwingine hata simu hapokei.

Mchangiaji wa 3:
Nimesoma nikacheka kidogo, maana mnabishana kuhusu kiti cha ndege wakati ndege yenyewe ndiyo hatua ya mwisho. Nilikuwa mwanafunzi Khartoum, Sudan, mapigano yalipoanza, tarehe 15 Aprili 2023. Uwanja wa ndege ulikuwa uwanja wa vita tangu siku ya kwanza. Ndege ingetua wapi? Kilichotutesa ni kwamba hakuna aliyejua tuko wangapi na tuko mitaa gani. Ubalozi mmoja, siutaji, ulikuwa na orodha ambayo robo ya majina yake ni ya watu waliomaliza chuo wakaondoka zamani. Aliyetuhesabu ni kiongozi wetu wa wanafunzi. Alikuwa na daftari na simu yenye chaji asilimia tisa, umeme umekatika, anaandika jina, namba ya pasipoti, mtaa, nani mgonjwa.

Orodha ile ndiyo iliyopelekwa serikalini, na ndiyo iliyotumika kutafuta mabasi. Na mabasi, jamani! Nauli ilikuwa inapanda kila asubuhi, dereva anataka dola mkononi kwa sababu mafuta anayapata kwa magendo. Waliokwenda Port Sudan walikata zaidi ya kilomita 800, sisi tukaelekea mpaka wa Ethiopia. Hapo mpakani daftari likatuokoa mara ya pili, maana wenzetu wawili pasipoti zao zilibaki kwenye ofisi iliyofungwa, na bila majina yao kuwa kwenye orodha wangerudishwa.

Sasa niambieni, tangazo la "ondokeni" lingetusaidia nini? Mapigano yalianza Jumamosi asubuhi. Jumapili tulikuwa sakafuni.

Mchangiaji wa 4:
Na mabalozi? Marekani iliwatoa watu wa ubalozi wake Khartoum kwa helikopta usiku wa tarehe 22 Aprili, raia wa kawaida wakaambiwa wajifungie ndani. Uingereza ikawatoa wanadiplomasia tarehe 23, ndege za kuwachukua raia wa kawaida zikaanza tarehe 25. Kuna Wasudani walioomba viza ambao pasipoti zao zilibaki ndani ya balozi zilizofungwa. Nahodha wa kwanza kushuka melini!

Mchangiaji wa 1:
Wa 3, pole sana, na kwa Khartoum nakubali hoja ya onyo haifanyi kazi. Lakini Ukraine 2022 watu walionywa wiki kadhaa kabla.

Mleta mada:
Walionywa, sawa. Na wanafunzi wengi wa kigeni wakasimulia kwamba vyuo vyao viliendelea kudai mahudhurio, hakuna kusoma kwa mtandao. Kijana ambaye nyumbani wameuza shamba kumlipia udaktari, utamwambia aache mwaka wa tano kwa sababu ya tetesi? Wale wa mji wa Sumy, hukohuko Ukraine, walikaa kwenye mahandaki mpaka tarehe 8 Machi, njia ya mabasi kwenda mji wa Poltava ilipofunguliwa. Na waliofika mpakani mapema nao, Waafrika wengine walizuiwa kuvuka, hadi Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani tarehe 28 Februari. Hapo mtu alihitaji ofisa wa nchi yake asimame pale mpakani. Ndege isingemsaidia kitu.

Wa 3 amenibadilisha kidogo, nakiri. Nilianza na nauli, naona sasa nilianzia mwishoni. Tazameni Libya 2011. China iliwaondoa zaidi ya watu 35,000 kwa muda usiofika wiki mbili, kwa meli, mabasi na ndege. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kampuni za kwao, wanakaa kambini, majina yapo, simu ya msimamizi ipo. Wakati huohuo vibarua wa nchi nyingine, waliokwenda mmoja mmoja kutafuta riziki, walijazana mipakani bila mtu wa kuwauliza.

Au India, Kuwait 1990, Iraq ya Saddam Hussein ilipoivamia. Watu wapatao 170,000, safari 488 za ndege kutoka Amman, Jordan, ndege za abiria za kawaida kwa sehemu kubwa. Hawakupeleka makomandoo. Waziri wao wa mambo ya nje, I.K. Gujral, alikwenda Baghdad kuonana na Saddam Hussein ana kwa ana. Kuna waliomlaumu kwa kumkumbatia mvamizi mbele ya kamera. Sawa, lakini watu walitoka.

Mchangiaji wa 2:
Na asiye na ndege anaomba lifti. Yemen 2015 India iliondoa watu wake zaidi ya 4,600, ikachukua na wageni 960 wa nchi nyingine 41. Marekani haikutuma chombo kuchukua raia wake, baadhi yao wakapanda meli za Wahindi.

Mchangiaji wa 1:
Haya, tukubaliane hivi: kuhesabu watu kwanza, pesa baadaye. Ila mwenye uraia pacha, aliyeko kwenye nchi yake nyingine, na mwaka juzi alishaondolewa bure akarudi mwenyewe. Huyo naye?

Mleta mada:
Aliyerudi mwenyewe mara ya pili alipe, akishatua. Hapo sikubishii. Kuhusu uraia pacha, tatizo la kwanza si bili. Nchi anakoishi inamwona raia wake tu, na kanuni ya tangu mkataba wa The Hague wa 1930 ni kwamba huwezi kumtetea raia wako dhidi ya nchi ambayo naye ni raia wake. Unabaki kuomba. Pale Rafah, kivuko cha mpaka wa Gaza na Misri, kuanzia tarehe 1 Novemba 2023, wenye pasipoti za kigeni walitoka Gaza kwa orodha za majina zilizopitishwa na Israel na Misri. Kuna familia zilifika getini zikakuta jina la mama limo, la mtoto halimo.

Mchangiaji wa 3:
Sisi daftarini tuliandika kwa familia, siyo kwa pasipoti. Lilikuwa wazo la yule kiongozi, na alibishiwa sana usiku ule.