Prius yangu haina pa kuchomeka chaji, Ohio wananidai $150. Nifanyeje?

Baba Neema
Wakuu habari za jioni, niko Columbus, Ohio, naombeni ushauri. Nimechukua Prius used ya 2017, haibridi (ina injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja), unaweka mafuta unaondoka, basi. Jana nimeenda kusajili ofisi moja huku mtaani, juu ya ada za kawaida wakaniwekea $150 eti gari ni ya umeme. Mshkaji wangu ana RAV4 haibridi analipa 100 tu. Nani yuko sahihi? Sijalipa bado na gari ndo naendea shifti ya usiku.

kijana_wa_highway
Umepigwa mkuu. Ukijaza mafuta si ushalipa kodi ya barabara, hiyo nyingine ya nini?

fundi_dayton
Ada ipo kisheria. 2019 walipandisha kodi ya petroli ikafika senti 38.5 kwa galoni, humo humo wakaweka ada ya magari ya umeme na haibridi, ikaanza Januari 2020, hoja yao haya magari yanakunywa kidogo ila barabara yanatumia sawa na mengine. Tangu 2024 ni hivi, umeme mtupu 200, haibridi ya kuchomeka 150, haibridi ya kawaida 100. Na sheria haiangalii unaenda maili ngapi kwa umeme, inaangalia betri inachajika kutoka nje au haichajiki. Kama kuna injini ya mafuta na betri inajichaji yenyewe humo humo, mfano ukikanyaga breki, wewe ni wa 100. Ila hakikisha sio Prius Prime, hiyo ina kifuniko cha kuchajia nyuma upande wa abiria.

Baba Neema
Nimeshuka na tochi sasa hivi, kifuniko ni kimoja tu, cha mafuta, upande wa dereva. Neno Prime halipo popote.

Mama Zawadi
Basi usilipe kaka. Piga picha ubavu wote wa nyuma, rudi na title (hati ya umiliki wa gari), waombe waingize upya chasis namba, herufi zote 17, mara nyingi gari linakuwa limewekwa daraja lisilo lake. Wakigoma usibishane dirishani, wapigie BMV (idara ya magari ya jimbo) makao makuu. Na ukisajili miaka miwili kwa mpigo jua hiyo ada inalipwa mara mbili.

kijana_wa_highway
Sawa nimeelewa, ila hata hiyo 100 inaniuma. Ni kodi ya galoni kama 260, na Prius ikienda maili 50 kwa galoni hizo ni maili 13,000, mtu anazimaliza mwaka mzima. Kwa hiyo analipa kwenye pampu halafu analipa tena kiasi kile kile kwenye usajili! Hii tuwaambie wawakilishi wetu kabisa.

mukongo_akron
Bandugu, miye nataka Camry mupya ya 2025, nayo watanilipisha?

fundi_dayton
Ndiyo, Camry kuanzia modeli ya 2025 zote haibridi, ya injini tupu hakuna tena. Haichomekwi, so weka 100 kila mwaka kwenye hesabu zako kabla hujasaini.

Baba Neema
Asanteni sana, kesho nikitoka kazini napitia pale na title na picha.