Eti ritifaa (ile alama ') ya ng'ombe "si ya lazima"!

Wakuu,

Naandika huku mkono ukinitetemeka. Asubuhi hii kikundi chetu cha wafugaji kimetangaza siku ya chanjo kwa hashitegi #ChanjaNg'ombe, na mtandao ule tunaoujua sote, ambao sina haja ya kuutaja, ukaikata shingo: rangi ya buluu ikaishia kwenye #ChanjaNg, nalo "ombe" likabaki nje kama ndama aliyefungiwa zizi. Nilipolalamika nikajibiwa niondoe "alama isiyo ya lazima". Isiyo ya lazima! Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe ni sauti mbili, na mtoto wa darasa la kwanza anazitofautisha. Kijapani kinapita, Kiarabu kinapita, Kirusi kinapita, lakini kila neno letu lenye ng' linagonga ukuta. Ng'ombe wote wa Afrika Mashariki wamechinjwa leo kwa jibu moja. Isiyo ya lazima!

Mwambao: Mkuu, siku nzima unapigana na ritifaa? Andika #ChanjaNgombe, mifugo ichanjwe, ukalale.

Fuga_Bora: Ngombe ndiye mnyama gani? Zizini kwangu hayupo. Nawe unaniambia si ya lazima?

Fundi_Herufi: Mtoa mada ana haki. Katika Unicode, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake kwenye kompyuta, ritifaa ya kawaida ya kibodi, U+0027, na ile iliyopinda, U+2019, zimewekwa kwenye kundi la alama za uakifishaji, ndiyo maana hashitegi hukatikia hapo. Ipo U+02BC, inayofanana nazo kwa macho lakini imehesabiwa kuwa herufi. Nionyesheni simu ya mfugaji yenye kitufe chake.

Sikio_Moja: Ninyi mnalilia ritifaa, sisi tusioona tulie nini? Kwa mtandao #CHANJAMIFUGO, #chanjamifugo na #ChanjaMifugo ni kapu moja, basi watu huandika kwa herufi ndogo tupu, na programu inayonisomea skrini huyaburuta maneno yote kama neno moja lisiloeleweka. Kuanza kila neno kwa herufi kubwa kunawagharimu nini?

Mwambao: Hapo nakuunga mkono. Tena wapo wanaoandika kwa zile herufi nene za mapambo, ambazo Unicode iliziweka kwa ajili ya hesabu.

Sikio_Moja: Hizo ndizo zinazonikera kuliko zote! Jana tangazo la mkutano wa mtaa liliandikwa hivyo. Programu ikanitajia herufi za hesabu moja baada ya nyingine, na mkutano ukanipita.