MJADALA: Mjamzito aulizwe kliniki kama ana amani nyumbani?

Mleta mada: Mjamzito akifika kliniki anapimwa damu, mkojo na presha, na hakuna anayelalamika kwamba anachunguzwa mno. Je, aulizwe pia kama anapigwa, kama analala, kama ana wa kumsaidia akishajifungua? Mimi nasema waulizwe wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mjamzito 1 kati ya 10 hivi ana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha; katika nchi zinazoendelea ni asilimia 15.6. Ukimuuliza tu aliyekuja na jicho limevimba, yule aliyejipamba unamwacha na lake moyoni.

Mama Wawili: Mimi niliulizwa. Nesi macho kwenye karatasi, kalamu imeshatia "hapana" kabla sijafungua mdomo, na mume wangu kakaa pembeni kanishikia pochi. Ulitaka niseme nini?

Mkunga Mzoefu: Pole mwanangu, ila tusihukumiwe wote. Hojaji ya Edinburgh ya kupima sonona, ile ya mwaka 1987, ina maswali 10 tu; dakika tano umemaliza. Shida ni la 10, linalouliza kama wazo la kujidhuru limekujia siku 7 zilizopita. Mtu akinijibu "ndiyo, mara nyingi", foleni imefika mlangoni na mshauri nasaha hatuna, nimfanyeje? Hata Kanada, mwaka 2022, jopo lao la huduma za kinga lilipendekeza wajawazito wasipimwe sonona kwa hojaji za kujumlisha alama.

Mleta mada: Shikamoo mama. Jopo hilo lilikataa hojaji, halikukataza kuuliza. Lilitaka mhudumu azungumze na mama kuhusu hali yake kama sehemu ya huduma ya kawaida. Jopo la Marekani nalo linaunga mkono kupima, ila liliposema hivyo mwaka 2016 lilitaka pawepo na utaratibu wa kumtibu atakayebainika. Kwa hiyo kinachogomba ni huyo mshauri nasaha asiyekuwepo. Tumdai.

Baba Mtarajiwa: Mnasahau kadi. Mama akikiri kwamba anapigwa, mkaandika, kadi inarudi nayo nyumbani, inawekwa kabatini. Mpigaji akiisoma usiku?

Mama Wawili: Hapo ndipo penyewe. Na wengine tunaogopa kunyang'anywa watoto kwa kusema tu kwamba tumechoka.

Mleta mada: Kadi sikuifikiria, nakiri. Basi kipigo kisiandikwe kwenye kadi ya kwenda nayo nyumbani, kibaki kwenye faili la kituo. Na faragha iwe sharti: hakuna faragha, hakuna swali. Mama, nyie mnaipataje na waume wamejaa vyumbani?

Mkunga Mzoefu: Marahaba. Mimi nampa kikopo cha mkojo, nasema twende nikuonyeshe choo. Tukiwa njiani ndipo namuuliza. Sijaona mume aliyetufuata huko.